Faini ya Viroba vya Jirani: Kisa cha Nyumba ya Kona

Masika yaliyopita, mjane mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, alitozwa shilingi 50,000 kwa kosa lililoandikwa kwenye fomu kuwa ni kukutwa na taka nje ya nyumba kinyume na utaratibu. Taka zilikuwapo, hilo halina ubishi. Vilikuwa viroba kumi na kitu, vimeegemezwa ukutani kwake, vingine vimeshapasuliwa na mbwa. Lakini vingi havikuwa vyake, na vyote vilikuwa pale kwa sababu gari la taka linalopaswa kuja kila wiki lilikuwa halijaonekana kwa wiki ya tatu. Aliyelipa ada ndiye aliyelipa na faini. Aliyepokea ada hakuulizwa neno.

Mimi ni mmoja wa wajumbe wa kamati ya mtaa, na kisa hiki kilipita mikononi mwetu kuanzia fomu ilipoandikwa hadi kikao cha mwisho. Manispaa, kampuni na afisa nawaacha bila majina. Kinachoniuma hapa ni utaratibu wenyewe, na utaratibu huu uko katika mitaa mingi kuliko wetu.

Nyumba ni ya vyumba sita. Vitano vimepangishwa, na kimoja anakaa mwenyewe na wajukuu wawili. Imekaa pale barabara ya vumbi inapokutana na kichochoro. Ndani ya kichochoro kuna kaya nyingi kuliko zilizo barabarani, lakini humo haipiti hata bajaji. Anayehamia hubebewa kitanda kichwani. Gari la taka husimama kwenye kona hiyo, vijana wakapiga kelele za "Takaaa! Takaaa!", na watu hutoka mbio na ndoo zao. Aliyeko nyumbani saa hiyo anamwaga. Aliyeko Kariakoo kwenye biashara yake, au aliyeko zamu kiwandani, huacha kiroba chake kwenye kona alfajiri anapotoka, akitumaini gari litapita. Ndivyo kona ya Bi Mkubwa, kama tunavyomwita sote, ilivyogeuka ghuba la taka bila kikao chochote kuipangia kazi hiyo.

Ni vizuri msomaji ajue kilichomo ndani ya viroba, maana watu wa ofisini huzungumzia taka kana kwamba wananchi wanazilimbikiza kwa uvivu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, zile rambo za kufungia taka ziliondoka, na kaya nyingi zikahamia kwenye salfeti za unga na mchele. Salfeti haichaniki upesi, ila inavuja. Kabla kiroba hakijafika kwenye kona kimeshachambuliwa: chupa za maji zimeondolewa zikauzwe kwa kilo, makopo na vyuma chakavu vimechukuliwa, maganda ya ndizi na makoko yamepelekwa kwa jirani mwenye mbuzi. Kinachobaki ni kile ambacho hakuna mnyama anayekila wala mnunuzi anayekitaka, yaani pampasi, matumbo ya samaki, majivu yaliyolowa, nguo zilizooza. Hicho hakisubiri wiki tatu. Siku ya nne tu funza wameshaingia.

Sasa gari lilikuwa wapi? Dereva alitueleza baadaye, na maelezo yake naona ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali kabisa na katikati ya mji, na magari ya taka kutoka pande nyingi za Dar huelekea huko huko. Kiangazi gari moja linaweza kwenda na kurudi zaidi ya mara moja kwa siku. Masika njia za ndani ya dampo huwa tope tupu, gari likikwama mbele yote ya nyuma yanasimama, na foleni ya kumwaga inakula siku nzima. Kampuni ina magari machache, na moja lilikuwa gereji. Magari yaliyobaki yakapelekwa kwenye maeneo yenye hoteli na maduka, ambako ada ni kubwa na mlipaji ni mmoja. Sehemu hii ya mwisho dereva hakuisema. Alisema tu kwamba "ofisi ndiyo inapanga ruti".

Afisa alifika asubuhi na mgambo wawili na kitabu cha fomu. Wapangaji waliokuwapo wanasimulia mazungumzo kwa namna moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Taka hizi za nani?"

"Nyingine zangu, nyingine za watu wa huko ndani. Gari halijaja, baba, hii wiki ya tatu."

"Sijauliza gari mama. Nauliza ziko kwenye eneo la nani."

Akaambiwa achague, alipe au apelekwe mahakamani siku ile ile. Neno mahakama likafanya kazi yake. Mjukuu akatumwa kwa mpangaji mwenye duka la vocha, hela ikakopwa, namba ya malipo ikatolewa, ikalipwa kwa simu, na mama akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Kisha mgambo wakamwamuru aondoe viroba vyote kabla ya jioni. Avipeleke wapi, hawakusema. Jioni ile akamlipa kijana wa mkokoteni, na viroba vikaondoka gizani. Sote mtaani tunajua mikokoteni ya usiku inaishia wapi. Inaishia bondeni, mtoni.

Hapo ndipo uchambuzi wangu unapoanzia, kwa sababu hatua ile ya mwisho inaonyesha faini ilizaa nini. Kabla ya faini kulikuwa na taka kwenye kona, zinanuka, zinakera, lakini zinaonekana na zinaweza kuzolewa. Baada ya faini taka zile zile zikaingia kwenye maji yanayopita nyuma ya nyumba za watu wa chini. Kwenye ripoti ya siku ile kosa moja limeshughulikiwa na mapato yamepatikana.

Nikaiomba fomu niisome. Haikuwa hati ya mashtaka wala risiti ya kawaida. Ilikuwa fomu ya kufifilisha kosa. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zetu humpa mkurugenzi, au anayemwakilisha, uwezo huo: mkosaji anakiri kosa kwa maandishi, analipa kiasi kilichowekwa, na shauri linaishia hapo bila kwenda mahakamani. Kwa mtu aliyekosa kweli huo ni utaratibu mzuri, unamwokoa muda na usumbufu. Lakini nguzo yake ni kukiri. Asiyekiri ana haki ya kufikishwa mbele ya hakimu, akasikilizwa, na upande unaomshtaki ukathibitisha kosa. Mahakama ni mlango wa mtuhumiwa kujitetea. Bi Mkubwa alionyeshwa mlango huo kama fimbo, na sahihi yake ikageuka ungamo la kosa ambalo dakika mbili kabla alikuwa ametoka kulikana kwa mdomo wake mwenyewe: "nyingine za watu wa huko ndani". Hakuna aliyemsomea maneno yaliyo juu ya mstari wa sahihi. Miwani yake ilikuwa ndani.

Wenzangu wawili kwenye kamati walisema hata angekwenda mahakamani angeshindwa, kwa sababu sheria ndogo iliyotajwa kwenye fomu inamfanya mkaaji awajibike kwa usafi wa mita tano kuzunguka nyumba yake. Nimelifikiria sana hilo. Kanuni ya mita tano ina maana yake. Mwenye duka asifagie takataka akazisukumia barabarani, na mwenye nyumba asiache majani yazibe mtaro mbele ya geti lake. Lakini kwenye kona hii aliyechagua mahali pa kusimamisha gari ni mkandarasi, na mkandarasi yuko pale kwa mkataba wa halmashauri. Kwa maneno mengine, halmashauri kupitia wakala wake iliifanya kona kuwa mahali pa kukusanyia taka, kisha kupitia afisa wake ikamwadhibu aliye karibu na mahali hapo kwa kuwa taka zimekusanyika. Mkono mmoja ulivuta watu pale, na mkono wa pili ukamkamata aliyekuwa amesimama hapo tangu zamani.

Tuziangalie na kanuni nyingine, maana ubaya wa jambo hili hauonekani ukisoma kifungu kimoja. Taka zisitolewe nje kabla ya gari kufika: ni sawa, mbwa na kunguru huzitapanya, na mvua huzipeleka mtaroni. Taka zisichomwe: ni sawa kabisa, moshi wa plastiki na pampasi unaingia vyumbani kwa majirani wenye watoto wachanga. Asipewe mtu asiyesajiliwa: ni sawa pia, nimeshasema mikokoteni inaishia wapi. Taka ziwekwe kwenye chombo chenye mfuniko: hakuna wa kupinga, ingawa dasbini ya nje haimalizi wiki kabla haijaibwa. Nyumba isiwe na uchafu unaohatarisha afya: tunakubali, hasa sisi tulioona kipindupindu kilivyoanza jijini Agosti 2015 kikasambaa hadi mikoani. Kufukia nako hakuwezekani kwenye kiwanja ambacho ukuta wa choo umegusana na ukuta wa jirani.

Kila kanuni peke yake ina akili. Lakini kila moja imeandikwa kwa kudhani kwamba gari linakuja. Gari lisipokuja, zote zinamwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hana namna ya kuzitii zote. Asipotoa nje zinaozea ndani, na hilo ni kosa. Akitoa nje ni kosa. Akichoma ni kosa. Akimpa wa mkokoteni ni kosa, japo hilo ndilo aliloishia kulitenda kwa amri ya mgambo wenyewe. Mtu wa namna hiyo hajavunja sheria kwa ukaidi. Amewekwa mahali ambapo hakuna njia halali iliyobaki.

Mtu atasema mbona Moshi wameweza. Mfano huo ulitajwa kwenye kikao, tena kwa hasira, na aliyekuwa akiutaja alikuwa anatetea faini. Ni kweli Moshi imesifiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa miji safi kuliko yote nchini, na ni kweli huko faini ya kutupa taka hovyo haina mzaha. Ila anayekwenda Moshi na kuona faini peke yake ameona nusu ya habari. Faini ya huko imesimama juu ya huduma inayofanya kazi, katika mji mdogo ambao gari la taka linazunguka likamaliza. Mtu anayetupa ganda la muwa mbele ya pipa lililo tupu hana la kujitetea. Ukichukua kiwango kile cha faini ukakileta kwenye kichochoro ambacho gari halijafika wiki tatu, umechukua adhabu ukaacha nyuma kile kilichoifanya iwe ya haki.

Jiji hili lina kumbukumbu ya upande wa pili wa jambo hili, na nasikitika kwamba vijana wengi wa mtaani hawaijui. Wakazi wa Tabata walikuwa wakiishi na dampo la jiji, moshi na nzi usiku na mchana. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya halmashauri ya jiji na wakapata amri ya kusimamisha umwagaji. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba muda wa kuendelea kumwaga pale pale, na mwaka 1991 ombi hilo likakataliwa. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo, wakasimama juu ya ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi, na wakashinda. Baadaye dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kesi zile mbili zilifanya jambo moja kubwa: zilimweka kwenye kizimba yule mwenye wajibu wa kuondoa taka. Hakuna aliyesema wakazi wa Tabata wawajibike kwa mita tano kuzunguka nyumba zao.

Wajibu huo haujaondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu aliye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na sheria hiyo hiyo inazibebesha mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kudhibiti taka ngumu kwenye maeneo yao. Halmashauri ikimpa mkandarasi kazi, inampa mikono ya kuifanya. Jukumu linabaki kwa halmashauri. Hapa jijini uzoaji ulianza kukabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1994, kwanza kata za katikati ya mji, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukapanuliwa kwa kampuni nyingine na vikundi vya kijamii. Sababu ilikuwa ya kweli: magari ya jiji yalikuwa mabovu na sehemu kubwa ya taka haikuzolewa kabisa. Mageuzi yale yaliokoa mji, na sitaki turudi kule. Lakini yaliacha pengo moja ambalo halijazibwa hadi leo. Mkataba uko kati ya halmashauri na kampuni, mwananchi anamlipa mkandarasi, na gari lisipokuja mwananchi hana karatasi yoyote ya kumdai mtu.

Tulipoomba kuuona mkataba, mtendaji wa mtaa hakuwa na nakala. Mtendaji wa kata alikuwa na kurasa chache, na ndani yake mlikuwa na ratiba ya mtaa wetu, mara moja kwa wiki, na kifungu kinachoiruhusu halmashauri kumkata mkandarasi fedha asipozoa kwa ratiba. Tukauliza kama amewahi kukatwa. Kimya. Pale ndipo nilipoelewa kwamba adhabu zilikuwa mbili kwenye maandishi, moja ya mkaaji na moja ya mkandarasi, na iliyokuwa ikitembea mitaani na kitabu cha fomu ni moja tu. Siamini kwamba kuna njama. Kumkata mkandarasi kunahitaji mtu ahesabu safari, aandike barua, ahimili simu za mwenye kampuni. Kumtoza mjane kunahitaji dakika ishirini. Afisa ambaye kazi yake inapimwa kwa mapato aliyoleta atakwenda kwenye nyumba ya kona, kila mara.

Nimtendee haki mkandarasi pia, kwa sababu alikuja kikaoni mwenyewe bila kutuma kijana, na alisema mambo ambayo yalitufunga midomo. Ada ya mtaa wetu ni shilingi 3,000 kwa kaya kwa mwezi. Nyumba ya Bi Mkubwa inahesabiwa kaya sita, kwa hiyo kila mwezi inatoka 18,000 pale, na huwa inalipwa, risiti za mashine zipo. Lakini kichochoroni, alisema, zaidi ya nusu hawalipi. Mkusanyaji akigonga, watoto wanasema mama hayupo. Wengine wanasema hawalipi kwa kuwa gari haliingii kwao, na wakati huo huo viroba vyao viko kwenye kona vikisubiri gari hilo hilo. Dizeli analipa yeye, vibarua analipa yeye, gharama ya kumwaga dampo analipa yeye, na halmashauri ina fungu lake katika kinachokusanywa. "Mnataka gari lije kwa hela ya nani?" akauliza. Swali lake ni zito. Wasiolipa kichochoroni wamo katika kosa hili, na ndio ambao faini haikuwagusa hata kidogo, kwa kuwa hawana ukuta unaotazama barabara.

Hata hesabu ya kaya ni ugomvi unaostahili kikao chake. Kijana anayesoma chuo, amepanga chumba kimoja na anakula kwa mama ntilie, anahesabiwa sawa na familia ya watu wanane. Mwenye nyumba nzima yenye geti naye ni kaya moja. Wapangaji wanaliona hilo na linawakera, na hasira hiyo ni sehemu ya sababu ya kutolipa. Hatukulimaliza.

Hatua tulizochukua zilikuwa za kawaida, na naziandika kwa sababu wengi wanaopatwa na jambo hili huishia kulalamika kibarazani. Tulikusanya risiti za ada za nyumba ile za miezi ya karibuni. Tukaomba picha kwa wapangaji. Simu zina tarehe, na picha za viroba vile vile katika wiki mbili tofauti zilisema mengi kuliko barua. Tukaandika barua kwa mtendaji wa kata kupitia mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa diwani na kwa afisa afya wa kata. Hatukutukana mtu. Tuliomba mambo mawili: Bi Mkubwa arudishiwe fedha yake, na faini za viroba vya nje zisimame katika wiki ambayo gari halikuja.

La kwanza lilikataliwa. Fedha ilishaingia kwenye mfumo kwa namba ya malipo, na mtuhumiwa alikiri kwa sahihi. Tulieleza sahihi ilivyopatikana. Tukajibiwa kwamba asiyeridhika aende mahakamani, mahali pale pale alipotishiwa napo. Mama mwenyewe alituomba tusiendelee. "Wanangu, mimi na mahakama wapi na wapi. Nirekebishieni kona yangu tu." Tuliheshimu. Baadhi ya majirani wa kichochoroni walipitisha bakuli wakamrudishia sehemu ya hela. Wengine, wakiwamo wawili ambao viroba vyao ninavijua kwa alama ya kiwanda cha unga, hawakutoa kitu na bado wanamsalimia kama kawaida. Hilo limeniuma kuliko barua ya kata.

La pili lilizaa kitu. Kwenye kikao kilichomkutanisha mtendaji wa kata, afisa afya, mkandarasi na kamati, tulikubaliana liwepo daftari katika ofisi ya mtaa. Kila gari likija, dereva anatia sahihi, na mjumbe wa eneo anaandika saa. Gari lisipokuja siku ya ratiba, mstari unabaki mtupu, na mstari huo unapelekwa kata mwisho wa mwezi. Afisa akija na kitabu chake anapitia kwanza daftari. Mwanzoni nililiona ni jambo dogo mno kwa maumivu yaliyotokea, lakini daftari limeleta ambacho hatukuwa nacho, ushahidi ambao hauko mikononi mwa mkandarasi wala mikononi mwa anayelalamika peke yake. Mwezi wa pili kulikuwa na mstari mtupu mmoja. Kampuni ilipigiwa simu na mtendaji mwenyewe, na gari likaja kesho yake.

Kona nayo imepata nafuu, ingawa si ya kudumu. Mkandarasi alikubali kuleta guta siku ya gari, vijana wawili waingie nalo kichochoroni na kukusanya mlango kwa mlango, na wakati huo huo mkusanyaji wa ada apite na mashine yake. Wiki za kwanza lilifanya kazi vizuri, na waliolipa kichochoroni waliongezeka, jambo ambalo mkandarasi mwenyewe alilikiri kwa furaha. Mtu akiona mkono unaoichukua taka yake mlangoni, kisingizio cha kutolipa kinamwishia. Kisha guta likapasuka tairi, likakaa, likarudi, likakaa tena. Kwa sasa linakuja wiki moja na kukosa nyingine. Viroba kwenye kona vimepungua, havijaisha.

Tatizo la makubaliano yote haya ni kwamba yako kwenye muhtasari wa kikao na kwenye hiari ya watu waliokuwapo. Afisa akihamishwa, anayekuja atafungua sheria ndogo na kukuta mita tano, na daftari letu halitakuwa na uzito mbele yake. Ndiyo maana kamati imeamua kufuata njia ndefu. Sheria ndogo si maandiko yasiyoguswa: hutungwa na baraza la madiwani, wananchi hutangaziwa watoe maoni, Waziri huidhinisha, na hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Njia iliyoziingiza ndiyo itakayoingiza marekebisho. Mkutano wa wananchi wa mtaa ulipitisha pendekezo letu kwa kunyoosha mikono, na mikono ya kichochoroni ilikuwamo. Linasema hivi: mkaaji hatatozwa faini kwa taka zilizowekwa mahali ambapo gari la mkandarasi husimama, endapo daftari la mtaa linaonyesha kuwa gari halikufika siku ya ratiba; mkandarasi atawajibika kuziondoa ndani ya saa 48; na hakuna fomu ya kufifilisha kosa itakayotiwa sahihi kabla mtuhumiwa hajasomewa kwamba anayo haki ya kutokiri.

Diwani ameipokea barua na kusema ataipeleka kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kabla ya baraza la robo ijayo. Bi Mkubwa aliomba asomewe pendekezo lote. Lilipofika sehemu ya mwisho akaomba lirudiwe, polepole.